Ruzuku ya Umbali: Mbolea, Mahindi na Mpaka wa Tunduma

Katika hotuba za bajeti na za Nane Nane, ruzuku ya mbolea huelezwa kuwa msaada kwa mkulima mdogo asiyemudu bei ya pembejeo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa watu wa Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma hayajawahi kutosha. Mfuko wa urea unaoshushwa Mlowo au Vwawa umetoka bandarini Dar es Salaam na kusafiri karibu kilomita 900. Gunia la mahindi linaloondoka Mlowo kwenda kulisha Dar es Salaam hupita njia hiyohiyo kurudi. Kwa hiyo mkulima hulipa nauli mara mbili: akinunua mbolea anaongezewa nauli juu ya bei, na akiuza mahindi nauli inakatwa kwenye bei. Ukiifuatilia historia ya ruzuku katika eneo hili, lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, utaona kwamba kila mpango, wa miaka ya 1970 na wa juzi, ulikuwa ukilipia nauli hiyo bila kuitaja kwa jina lake. Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Waliofuta ruzuku walifuta malipo wakaiacha gharama. Waliorudisha ruzuku walirudisha malipo wakaiacha gharama vilevile. Mageuzi yatakayodumu hayana budi kuanza na umbali wenyewe, na kwanza yaulize ni umbali kutoka wapi.

Mfumo wa awali ulizaliwa na njaa. Ukame wa mwaka 1973 na 1974, ulioambatana na msukosuko wa kuhamia vijijini na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, uliilazimisha Tanzania kuagiza nafaka kwa wingi kwa fedha za kigeni isizokuwa nazo. Serikali ikaamua kwamba nchi lazima ijilishe. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likapewa mamlaka ya kununua nafaka kuu nchini kote, na bei ya mahindi ikatangazwa moja kwa nchi nzima. Bei ya mbolea nayo ikawa moja, ikiwa na ruzuku ndani yake, na katikati ya muongo huo ukaanzishwa Mradi wa Taifa wa Mahindi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mbolea yenyewe ilishughulikiwa na Kampuni ya Mbolea Tanzania, TFC, iliyokuwa na kiwanda Tanga. Wakati huohuo reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikiwa na stesheni Mlowo, Vwawa na Tunduma, sambamba na barabara kuu ya Zambia. Kituo cha Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, kilikuwa kikitafiti mbegu chotara zinazofaa miinuko ya kusini. Mambo haya yote yalikutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Bei moja kwa nchi nzima ilikuwa na maana ambayo haikuandikwa kwenye tangazo lolote la Serikali. Mkulima wa Ihanda, wilayani Mbozi, alilipwa kwa kilo ya mahindi sawasawa na mkulima wa Morogoro, ingawa mahindi ya Morogoro yalikuwa jirani na walaji wa Dar es Salaam. Vivyo hivyo alinunua mfuko wa mbolea kwa bei ya mtu wa Tanga aliye karibu na kiwanda. Tofauti iliingia kwenye hesabu za NMC na TFC, na mwisho wake kwenye mikopo ya benki iliyodhaminiwa na Serikali. Kwa njia hii nchi nzima iliilipia Mbozi nauli. Matokeo yalionekana shambani: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa minne mikuu ya mahindi, na kufikia miaka ya 1980 ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya maghala ya NMC. Katika eneo lililozoea kutegemea kahawa kwa fedha, na ulezi na mahindi kwa chakula, mahindi yakawa zao la biashara, na maneno kama mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia yakaingia katika mazungumzo ya kila kaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mfumo ule ulithibitisha kwamba ardhi ya Songwe ya leo inaweza kulisha nchi mkulima akiondolewa mzigo wa umbali.

Kwa kuwa gharama ilifichwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipunguza. Kiwanda cha Tanga kilitegemea malighafi nyingi kutoka nje, na mbolea yake ikawa ghali kuliko ile ambayo ingeagizwa ikiwa tayari. Reli inayotoka Tanga ina upana wa meta moja, TAZARA ina milimita 1,067. Shehena iliyotoka kiwandani kwa reli isingeweza kufika Mlowo bila kupakuliwa na kupakiwa upya. NMC nayo ilizama kwenye madeni kila mwaka ulivyokuwa mzuri kwa mavuno, maana kila tani ya ziada kutoka kusini ilikuwa hasara ya ziada. Shirika lilipoishiwa fedha, wakulima walikaa wakisubiri malipo, na mahindi yalirundikana vituoni mvua zikikaribia. Wengine waliuza kwa walanguzi, na wengine waliyavusha kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ambako kulikuwa na bidhaa za dukani zilizoadimika upande huu. Serikali ilijibu kwa nguvu. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ililichukulia soko la magendo kuwa kosa la jinai, ilhali kwa kiasi kikubwa lilikuwa dalili ya bei na huduma zilizoshindwa kumfikia mzalishaji.

Mageuzi yalikuja kwa awamu. Bajeti ya mwaka 1984 ilifuta ruzuku ya sembe kwa walaji wa mijini, na mwaka huohuo kiwango cha nafaka ambacho mtu angeweza kusafirisha bila kibali kikapandishwa hadi kilo 500. Mwaka 1986 Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 vikwazo vya uzito kwa wafanyabiashara binafsi wa nafaka vikaondolewa. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Ruzuku ya mbolea, ambayo kushuka kwa thamani ya shilingi kulikuwa kumeifanya kubwa kupita kiasi, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa kabisa mwaka 1994. Walioshinikiza hatua hizi hawakuwa na hoja dhaifu. Shirika lililokopa ili linunue mahindi, kisha likauza kwa hasara na kumchelewesha mkulima malipo, halikustahili kutetewa. Fedha hizo zingeweza kujenga barabara za vijijini. Tena, kila mwenye uwezo wa kununua mifuko mingi ndiye aliyefaidi zaidi, hivyo mkulima mkubwa alipata ruzuku kubwa kuliko jirani yake wa ekari moja.

Hata hivyo, hesabu ya wanamageuzi ilikuwa na pengo. Walidhani kwamba ukiondoa mkono wa Serikali, mfanyabiashara atafika na ushindani utashusha bei. Mfanyabiashara alifika kweli, lakini alikuta umbali uleule, barabara zilezile za vumbi kutoka Ndalambo na Msangano hadi lami, na reli iliyokuwa ikichoka. Mkulima akapigwa kotekote: mbolea ikapanda kwa gharama kamili ya safari, na mahindi yakashuka kwa gharama kamili ya safari. Matumizi ya mbolea nchini yakaporomoka katika miaka iliyofuata hadi chini ya nusu ya yalivyokuwa mwanzoni mwa muongo. Wachumi wengine waliliona hilo kuwa marekebisho ya kawaida, kwamba mahindi ya Dar es Salaam sasa yatalimwa karibu na Dar es Salaam. Wangekuwa na haki kama mji huo ungekuwa soko pekee. Wakulima wa mpakani walijua kwamba sivyo.

Hapa ndipo historia ya Songwe inapoachana na ya mikoa mingine ya pembezoni. Ukipima kutoka bandarini, Tunduma ni mwisho wa nchi. Ukipima kutoka migodi ya shaba ya Zambia na ya Katanga, Tunduma ni mlango wa shamba. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mahindi, mchele na maharage yalivuka kwenda Nakonde kwa baiskeli na vichwani tangu zamani, kabla ya malori. Biashara ilipofunguliwa, madalali na wanunuzi wakajaza mji. Gunia la lumbesa lililojazwa hadi kufungwa kilemba likawa kipimo cha soko, kwa hasara ya mkulima. Na Tunduma ikakua kutoka kituo kidogo cha mpakani hadi kuwa moja ya miji yenye pilikapilika nyingi kusini mwa nchi. Mahitaji ya Lubumbashi na miji ya migodini yalifanya sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na NMC: yalimpunguzia mkulima umbali. Yaliifanya bila kuigharimu Hazina shilingi.

Ndiyo maana kufungwa kwa mpaka kumewauma sana watu wa huku. Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje mwaka 2008, ikafanya hivyo tena mwaka 2011, na tena mwaka 2017, kila mara kwa sababu ya kulinda chakula cha ndani. Baada ya marufuku ya mwisho, mavuno yakiwa mazuri, bei ya mahindi Nyanda za Juu Kusini ilianguka, na wabunge wa mikoa hiyo wakalalamika bungeni. Marufuku ya namna hii ni ruzuku iliyogeuzwa: mlaji wa mjini anapunguziwa bei, na anayelipa ni mkulima wa mpakani. Nchi ikimpa mkulima vocha ya mbolea kwa mkono mmoja na kumfungia soko kwa mkono wa pili, haijampa kitu. Inaposemwa kwamba wakulima wa kusini wanategemea mno ruzuku, ni haki kukumbuka ni mara ngapi waliondolewa bei ambayo ingewawezesha kununua mbolea kwa fedha zao wenyewe.

Majirani walipita njia hiyohiyo, na mpaka uliwaunganisha katika makosa yao. Zambia nayo ilikuwa na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na unga wa bei nafuu mijini. Ilipojaribu kuondoa ruzuku ya unga Desemba 1986, ghasia zilizuka katika miji ya shaba, watu wakafa, na Rais Kenneth Kaunda akarudi nyuma. Kuanzia mwaka 2002 Zambia ilirudisha mpango mkubwa wa ruzuku ya mbolea, na Malawi ikafuata msimu wa 2005/06. Ileje inapakana na Malawi, Momba na Tunduma zinapakana na Zambia. Mbolea ikiwa nafuu upande mmoja huvuka kwenda upande wa pili, na hakuna idadi ya askari inayoweza kulinda kila njia ya miguu. Nchi yoyote inayotegemea bei ya mfuko peke yake kama chombo cha ruzuku inajikuta ikiwalipia wakulima wa jirani.

Tanzania ilipoamua kurudi kwenye ruzuku, mwanzoni ilikaribia kuutaja ukweli. Msimu wa 2003/04 ilianza kwa kuchangia gharama ya kusafirisha mbolea, hasa kwa ajili ya mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Lakini mwaka 2008, bei ya mbolea duniani ilipopaa, mkazo ulihamia kwenye vocha. Mpango huo ulioungwa mkono na Benki ya Dunia ulifanya kazi hivi: kamati ya vocha ya kijiji, yenye wanaume na wanawake kwa idadi sawa, iliorodhesha kaya zinazolima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, kaya ilipewa vocha ya mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, ya mfuko mmoja wa kukuzia, na ya mbegu bora, mkulima alimpelekea wakala wa pembejeo vocha pamoja na fedha za kujazia karibu nusu ya bei, wakala akaipeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Kaya ilikusudiwa kusaidiwa misimu mitatu, kisha ijitegemee. Zaidi ya kaya milioni mbili zilifikiwa, na kwa mara ya kwanza tangu 1994 maduka ya pembejeo yalifunguliwa katika vijiji vingi vilivyokuwa havina.

Udhaifu wa vocha ulikuwa katika mikono iliyozipitia. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 60 hivi ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa vijiji. Mkulima asiye na fedha za kujazia mara nyingi alisaini vocha na kumwachia wakala kwa noti chache; mbolea haikufika shambani, lakini kwenye vitabu ilikuwa imetumika. Aina ya mbolea nayo ilileta ugomvi, maana wakulima wengi wa kusini hawakuridhika na ile ya Minjingu waliyopangiwa kwa kupandia. Baada ya msimu wa 2015/16 mawakala walidai Serikali mabilioni ya shilingi, uhakiki ukabaini madai ya uongo, na mawakala waaminifu wakasubiri malipo yao kwa miaka pamoja na wadanganyifu. Na katika miaka yote hiyo, nauli ya mfuko kutoka bandarini haikupungua kwa sababu ya vocha. Mpango ulipoisha, mkulima wa Momba alibaki pale alipokuwa mwaka 1994.

Hatua iliyogusa gharama yenyewe haikuitwa ruzuku. Mwaka 2017, chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, nchi ilianza kuagiza DAP na urea kwa pamoja, ili meli kubwa moja ilete shehena ya waagizaji wengi na bei elekezi zijulikane. Kisha vita vya Ukraine vikapandisha bei ya dunia, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukazidi shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya iliyoshusha mfuko hadi shilingi 70,000, kwa bajeti ya shilingi bilioni 150. Safari hii mkulima alisajiliwa kwa mtendaji wa kijiji, akapewa namba, na wakala alisoma msimbo wa kila mfuko kwa simu kabla ya kuuza. Matumizi ya mbolea nchini yalipanda kutoka tani 360,000 hivi msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya 800,000 msimu wa 2023/24. Ni mafanikio makubwa, na usajili umetatua sehemu ya wizi uliozitafuna vocha. Lakini msimu wa kwanza ulionyesha kilichosahaulika: vituo vya mauzo vilikuwa vichache na mbali, foleni zikawa ndefu, na mkulima wa kijijini akalipa bodaboda na siku za kazi juu ya zile shilingi 70,000. Bei ilikuwa moja kwa nchi nzima, kama mwaka 1975, na umbali ukarudi kudai chake kwa njia nyingine.

Atakayepinga hoja hii atasema kwamba mkulima masikini hawezi kusubiri reli. Ni kweli, na sipendekezi ruzuku ifutwe kesho. Mwaka 1994 umetufundisha gharama ya kufuta bila kujenga. Ninachosema ni kwamba sehemu ya fedha hizo itolewe wazi kama malipo ya usafirishaji hadi kituo cha kata, ipimwe kwa kilomita, na ipungue kadiri gharama inavyopungua. Mwingine atasema barabara ya lami ipo tangu miaka ya 1970 na haikutosha. Haikutosha kwa sababu lori ni njia ghali ya kubeba mzigo mzito wa bei ndogo kwa kilomita 900, na kwa sababu barabara kuu haifiki Kamsamba wala Itumba. Mzigo wa namna hii ni wa reli, na makubaliano ya kuifufua TAZARA yaliyosainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania na Zambia yana maana kubwa kwa mkulima wa Mlowo, ikiwa mbolea na nafaka zitatengewa mabehewa wakati wa msimu na shaba isichukue nafasi yote.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama wa chakula: mpaka ukiwa wazi, mwaka wa ukame nani atailisha Dar es Salaam? Jibu liko katika kazi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioundwa mwaka 2008. Hifadhi inayonunua kwa bei ya soko na kulipa kwa wakati humlinda mlaji bila kumfilisi mzalishaji. Marufuku humlinda mlaji mwaka mmoja na kumfundisha mkulima apunguze eneo mwaka unaofuata. Ukame wa Zambia wa mwaka 2024, uliotangazwa huko kuwa janga la taifa na kuifanya Zambia igeukie mahindi ya Tanzania, ulionyesha kwamba ziada ya kusini ni nguvu ya nchi pale inapoweza kuuzwa. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kilichozinduliwa Tunduma na Nakonde Oktoba 2019, kina thamani hiyohiyo: kila saa inayopunguzwa pale ni nauli inayorudi mfukoni mwa mkulima.

Kwa hiyo miaka hamsini ya ruzuku huku Songwe haitulazimishi kuchagua kati ya Serikali ya 1975 na soko la 1994. Inatutaka tuandike gharama ya umbali kwenye vitabu vya bajeti, tumlipe mkulima sehemu yake wazi wakati reli na barabara za vijijini zinajengwa, tumhakikishie kwa sheria kwamba mpaka hautafungwa kwa tangazo la ghafla, na kila msimu tuchapishe ni shilingi ngapi za mfuko zilikwenda kwa mbolea na ngapi kwa safari. Nchi ikiyajua hayo itajua pia ruzuku inapaswa kupungua lini. Na mkulima wa Mbozi atakuwa na haki ya kuuliza, kwa hesabu mkononi, kwa nini haijapungua.